Mtakatifu Giuseppe Moscati: Daktari Aliyelea Madaktari



Tarehe 16 Novemba ya kila mwaka Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Giuseppe Moscati, daktari mlei wa mji wa Napoli, Italia, aliyefariki mwaka 1927. Wengi wanamfahamu kama daktari wa maskini, na ndivyo alivyokuwa. Wachache wanamfahamu kama mlezi. Hata hivyo kwa miaka mingi vijana waliokuwa wakijifunza udaktari walimfuata wodini kutoka kitanda hadi kitanda, na yeye aliiacha njia ya kupanda cheo chuo kikuu ili asiachane na wodi hiyo. Sisi tunaoishi katika nyumba ya malezi tunayo sababu ya kuuliza ni nini alichokiona pale, hata akakithamini kuliko uprofesa.

Mtoto wa hakimu

Giuseppe alizaliwa Benevento, kusini mwa Italia, tarehe 25 Julai 1880. Alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto tisa wa Francesco Moscati na Rosa De Luca. Alibatizwa siku sita baadaye, tarehe 31 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola. Baba yake alikuwa hakimu, na kazi hiyo iliihamisha familia hadi Ancona na hatimaye Napoli, mji ambao Giuseppe aliufanya kuwa wake mpaka kufa. Huko alipokea Komunyo ya Kwanza tarehe 8 Desemba 1888.

Katika nyumba ya hakimu ingetazamiwa kwamba kijana mwenye akili angesoma sheria. Lakini kaka yake Alberto, aliyekuwa afisa wa jeshi, alianguka kutoka juu ya farasi huko Torino akaumia vibaya kichwani. Akarudishwa nyumbani akiwa na kifafa kisichopona. Giuseppe, akiwa bado mwanafunzi wa shule, alikaa saa nyingi kando ya kitanda cha kaka yake. Kabla ya kufundishwa na profesa yeyote, alikuwa ameshajua jinsi mgonjwa anavyongoja, jinsi usiku unavyokuwa mrefu, na jinsi nyumba nzima inavyougua pamoja na mmoja. Alberto aliishi hivyo mpaka mwaka 1904.

Mwaka 1897 Giuseppe alijiunga na Kitivo cha Udaktari katika Chuo Kikuu cha Napoli. Desemba ya mwaka huohuo baba yake alifariki kwa kuvuja damu kichwani. Kijana huyo alibaki na msiba nyumbani, huku chuoni akiwasikia baadhi ya walimu waliosema kwamba sayansi imekuja kuchukua nafasi ya Mungu. Hakugombana nao. Alisoma kwa bidii na kuendelea kwenda Misa. Tarehe 4 Agosti 1903 alihitimu kwa alama za juu kabisa. Utafiti wake wa kuhitimu ulihusu jinsi ini linavyotengeneza urea, ile takataka ambayo mwili huitoa kwa njia ya mkojo. Tangu mwanzo, basi, alikuwa mtu wa maabara sawasawa na alivyokuwa mtu wa sala.

Hospitali ya wasiopona

Baada ya kuhitimu alifanya mtihani wa ushindani na kupata kazi katika hospitali ya Santa Maria del Popolo, ambayo watu wa Napoli huiita Incurabili, yaani hospitali ya wasiopona. Ilianzishwa mwaka 1522 na Maria Lorenza Longo, mjane aliyejitoa kuwahudumia wagonjwa ambao wengine walikuwa wamekwisha kuwakatia tamaa. Karne nne baadaye bado ilikuwa mahali pa watu wasio na pa kwenda, na ilikuwa pia mahali ambapo madaktari vijana wa Napoli walijifunzia kazi.

Aprili 1906 mlima Vesuvio ulilipuka. Hospitali ilikuwa na tawi lake Torre del Greco, chini ya mlima, lenye wagonjwa wazee na waliopooza. Majivu yalikuwa yakirundikana juu ya mapaa. Moscati, akiwa na miaka 25, alikwenda huko bila kungoja, akaagiza wagonjwa wote watolewe, na mwenyewe akasaidia kuwatoa. Muda mfupi baada ya mgonjwa wa mwisho kutoka, paa liliporomoka. Baadaye aliwaandikia wakuu wa hospitali akiomba wahudumu walioshiriki kazi ile wapewe tuzo. Aliomba jina lake lisitajwe.

Mwaka 1911 kipindupindu kiliingia Napoli. Moscati aliitwa kwenye maabara ya afya ya jamii kuchunguza chanzo cha ugonjwa. Kipindupindu huenezwa na maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi, kwa hiyo dawa ya wodini peke yake haitoshi, ni lazima mji wenyewe utibiwe. Aliandika taarifa kwa wakuu wa afya akieleza kazi zinazohitajika ili kuusafisha mji. Hapo tunamwona daktari ambaye macho yake hayakuishia kwenye mlango wa hospitali. Aliufuata ugonjwa mpaka kwenye kisima na mtaro wa maji machafu.

Mwaka huohuo, akiwa na miaka 31, alishinda mtihani mgumu wa kuwa daktari msaidizi wa kudumu katika hospitali zilizounganishwa za Napoli. Miongoni mwa watahini alikuwamo Antonio Cardarelli, daktari mzee aliyeheshimiwa kuliko wote kusini mwa Italia, ambaye alivutiwa sana na elimu ya kijana huyo. Kisha Moscati akapata kibali cha kufundisha kemia ya mwili. Kwa taratibu za Italia za wakati ule, kibali hicho kilimruhusu mtu kufundisha chuo kikuu bila kuwa profesa mwenye kiti chake.

Alivyowafundisha vijana

Moscati alifundisha mahali patatu: maabara, wodi na chumba cha maiti. Ili kuyaelewa malezi aliyoyatoa ni lazima tuone jinsi mahali hapo patatu palivyohusiana.

Maabara iliwafundisha vijana kutoamini fahari ya macho peke yake. Kwa zaidi ya miaka kumi alifundisha jinsi vipimo vya damu, mkojo na majimaji mengine ya mwili vinavyoweza kumsaidia daktari kuutambua ugonjwa. Wakati huo madaktari wengi wa zamani walitegemea mikono, masikio na uzoefu. Vijana wengine nao walivutwa na mashine na chupa za maabara mpaka wakamsahau mtu. Moscati alitaka vyote viwili vishikwe pamoja.

Wodini alianza na mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa asikilizwe kwanza, kisha atazamwe, aguswe, agongwegongwe kifuani na tumboni, na baada ya hayo ndipo vipimo vije kuthibitisha au kukanusha. Alisifika kwa kuutambua ugonjwa kwa haraka iliyowashangaza wenzake, lakini wanafunzi waliokuwa karibu naye waliweza kuona kwamba haraka hiyo ilitokana na kuangalia kwa makini. Tena waliona jinsi alivyozungumza na mgonjwa. Hakumgeuza kuwa kielelezo cha somo mbele ya vijana ishirini waliomzunguka. Alimtaja kwa heshima, akauliza habari za nyumbani, na mara nyingi akamshauri apatane na Mungu kwa Sakramenti, kwa kuwa aliamini kwamba roho iliyotulia huusaidia mwili.

Chumba cha maiti kilikuwa shule ya unyenyekevu. Pale daktari hukutana na makosa yake. Alichodhani ni ugonjwa wa moyo huonekana kuwa ni wa ini, na uvimbe ambao hakuutambua huonekana wazi mezani. Moscati aliwapeleka vijana pale ili wajifunze kukiri. Ukutani mwa chumba hicho aliweka sanamu ya Msulubiwa, pamoja na maneno ya nabii Hosea juu ya mauti kushindwa. Kwa wanasayansi wa enzi zile, wengi wao wasiosali, hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa, maana mwili uliolala mezani ulikuwa wa mtu aliyeumbwa kwa ajili ya ufufuko, na kijana anayeshika kisu alipaswa kulijua hilo.

Nje ya saa za kazi aliendelea kuwalea kwa barua. Kwa madaktari vijana waliokwisha kwenda kufanya kazi mbali na Napoli aliandika kuwakumbusha kwamba wagonjwa wao si miili tu, na kwamba upendo umeibadili dunia kuliko sayansi ilivyoweza kuibadili. Aliyeyaandika hayo aliipenda sayansi na kuitumikia kwa makala zake za utafiti, na kwa hiyo maneno yake yalikuwa na uzito.

Alipoiacha njia ya uprofesa

Vita Kuu ya Kwanza ilipoifikia Italia mwaka 1915, Moscati aliomba kujiunga na jeshi. Ombi lake lilikataliwa, maana alihitajiwa hospitalini. Incurabili ilipokea askari majeruhi, naye akawahudumia karibu 3,000, akiandika historia ya ugonjwa wa kila mmoja.

Katika miaka hiyo njia ya kufikia kiti cha uprofesa ilikuwa wazi mbele yake. Kwa mtu mwenye elimu yake, uprofesa ulikuwa na maana kubwa: jina, mshahara, maabara yake mwenyewe, na sauti katika mambo ya kitaifa. Moscati aliiacha njia hiyo akampisha rafiki yake Gaetano Quagliariello, ili yeye abaki hospitalini. Mwaka 1919 aliteuliwa kuwa mkuu wa wodi ya tatu ya wanaume, na hapo ndipo alipoendelea kufundisha.

Uamuzi huo tusiupite haraka. Hakudharau chuo kikuu, wala hakuwa mtu aliyeshindwa akatafuta kisingizio. Aliona kwamba mambo fulani katika udaktari hayawezi kufundishwa kutoka kwenye mimbari ya darasa. Mwanafunzi anaweza kusikia katika mhadhara kwamba mgonjwa maskini anastahili uangalifu uleule anaopewa tajiri, akaandika katika daftari na kufaulu mtihani. Lakini anapomwona mwalimu wake ameinama kwa nusu saa juu ya mchukuzi wa bandarini asiye na senti, somo hilo linamwingia kwa namna nyingine. Ili somo la namna hiyo litolewe, ni lazima mwalimu awepo pale kila siku.

Tuone pia mfano wa kisukari. Mama yake, Rosa, alikufa kwa ugonjwa huo mwaka 1914, wakati ambapo hakuna daktari yeyote duniani aliyekuwa na dawa ya kumsaidia. Insulini ilipogunduliwa Kanada mwaka 1921 na kuanza kutumika kwa wagonjwa mwaka uliofuata, Moscati alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza wa Napoli kuitumia, na akawafundisha wenzake jinsi ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari. Dawa hiyo ilichelewa kwa mama yake, lakini hakutaka ichelewe kwa mama za wengine kwa sababu tu daktari wao hakufundishwa. Mwaka 1923 alisafiri hadi Edinburgh kuhudhuria mkutano wa kimataifa wa wanasayansi wa fiziolojia. Ndivyo alivyokuwa: yuleyule aliyeacha kiti cha uprofesa hakuacha kujifunza.

Katika vichochoro vya Napoli

Siku yake ilianza mapema sana kwa Misa Takatifu na Komunyo. Kisha, kabla ya kwenda hospitalini, alipita katika mitaa ya maskini, hasa ule uitwao Quartieri Spagnoli, ambako familia nzima ilibanwa katika chumba kimoja cha chini kisichopata jua. Aliwatibu humo bila malipo. Mara nyingi mgonjwa alipokunjua karatasi ya dawa alikuta noti ya fedha ndani yake, au aliikuta chini ya mto wakati daktari amekwisha kuondoka.

Alasiri alipokea wagonjwa nyumbani kwake, katika mtaa wa Cisterna dell'Olio, alikoishi na dada yake Anna, aliyeitwa Nina. Katika chumba cha kungojea palikuwa na kofia. Mwenye uwezo aliombwa atie humo alichonacho, na asiye na kitu alikaribishwa achukue alichohitaji. Hakuna aliyesimama kuangalia nani anatia na nani anachukua. Kwa njia hiyo maskini hakulazimika kutangaza umaskini wake mbele ya watu.

Hakuoa. Aliishi useja kwa hiari kwa ajili ya Mungu, na kwa muda alifikiri kuingia Shirika la Yesu, lakini akatambua kwamba wito wake ulikuwa kubaki mlei katikati ya wagonjwa. Matajiri na watu mashuhuri pia walimwita. Alimtibu Bartolo Longo, mwanzilishi wa madhabahu ya Bikira Maria wa Rozari huko Pompei, ambaye leo ni mtakatifu, na aliitwa pia kumwona mwimbaji Enrico Caruso katika ugonjwa wake wa mwisho. Kwa hiyo kijana aliyejifunza kwake aliona kwamba daktari bora wa mji hakuwa na mikono miwili, mmoja wa mabwana na mwingine wa makabwela.

Gharama yake nayo ilikuwepo. Moscati alilala kidogo, alifanya kazi bila kupumzika, na mwili wake ulichoka mapema. Tunaweza kujiuliza kama alipaswa kujihurumia zaidi, na mlezi mwenye busara leo angemwambia kijana wake alale. Lakini hatuwezi kusema kwamba aliwatwisha wengine mzigo ambao yeye mwenyewe hakuubeba.

Jumanne ya Juma Kuu

Tarehe 12 Aprili 1927 ilikuwa Jumanne ya Juma Kuu. Moscati alikwenda Misa na kupokea Komunyo kama kawaida yake. Alipita wodini, akarudi nyumbani, akala chakula cha mchana kidogo, akaanza kupokea wagonjwa waliokuwa wakimngoja. Yapata saa tisa alasiri alijisikia vibaya, akaketi katika kiti chake na kufariki kwa utulivu. Alikuwa na miaka 46. Habari ilienea vichochoroni haraka, na maskini wa Napoli wakafurika nyumbani kwake na katika mazishi yake pamoja na maprofesa na wanafunzi.

Tarehe 16 Novemba 1930 mabaki yake yalihamishwa kutoka makaburi ya Poggioreale hadi kanisa la Gesù Nuovo, ambako yapo mpaka leo. Kando ya kanisa hilo vimehifadhiwa vitu vyake, pamoja na kiti alichofia. Papa Paulo VI alimtangaza Mwenyeheri tarehe 16 Novemba 1975, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1987, wakati Sinodi ya Maaskofu juu ya wito na utume wa walei ilipokuwa ikiendelea Roma. Wakati haukuwa wa bahati nasibu. Maaskofu walikuwa wakijadili utakatifu wa walei ulimwenguni, na Kanisa likawawekea mbele yao daktari aliyeupata utakatifu huo wodini.

Kwa walezi na wanaolelewa

Siku hizi vyuo vingi vya udaktari duniani huwapeleka wanafunzi vijijini na mitaani ili wawajue watu watakaowatibu, na huwapangia madaktari wazoefu wa kuwaongoza. Ni mipango mizuri. Maisha ya Moscati yanatukumbusha jambo moja ambalo mpango ulioandikwa hauwezi kulitoa peke yake: mzoefu mwenyewe awe anakwenda huko. Mwanafunzi akitumwa kwa maskini na mwalimu ambaye hajafika huko kwa miaka kumi, atajifunza kwamba maskini ni kituo cha kupitia akielekea juu. Akienda pamoja na mwalimu anayejulikana kwa jina katika vichochoro vile, atajifunza kwamba hapo ndipo kazi ilipo.

Hayo yanatuhusu hata sisi tusioshika kipimo cha daktari. Mseminari anayekwenda mwaka wa kichungaji humtazama paroko kuliko anavyosoma maelekezo ya seminari. Anaona kama paroko anawatembelea wagonjwa wa kigango cha mbali wakati hakuna sadaka ya kupokea, na kama anamsikiliza mjane kwa subira ileile anayomsikiliza mfadhili. Miaka mingi baadaye, akiwa naye paroko, atayafanya aliyoyaona. Kwa sababu hiyo padre, mtawa, daktari au katekista aliyekabidhiwa kijana wa kumlea amekabidhiwa pia wagonjwa na waamini wote ambao kijana huyo atawahudumia baada yake.

Tunapozitembelea hospitali zetu, tuwaombee madaktari vijana walio zamu usiku, wachovu na wenye hofu ya kukosea. Tuwaombee wapate mtu wa kusimama nao kando ya kitanda.

Mtakatifu Giuseppe Moscati, utuombee.